Mayai Yanayorushwa na Mvua

Mvua za masika zikishakolea, pita kwenye bustani iliyotandazwa vipande vya mbao, au kwenye kitalu ambako udongo wa miche umechanganywa na samadi, kisha uchuchumae. Usitafute uyoga wa mwavuli, wenye shina na kofia. Tafuta vikombe. Hujikusanya kwa makundi juu ya kijiti kinachooza, kumi hapa, hamsini pale, na upana wa kila kimoja ni nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Ndani yake mna vidonge bapa vya kijivu au vyeusi, vinne, sita au zaidi, vimelala chini kana kwamba kuna ndege mdogo kuliko wote duniani aliyetaga akaenda zake. Aliyeuita uyoga-kiota hakuhitaji kufikiri sana.

Wengi hupita bila kuuona. Anayeuona hudhani ni maganda ya mbegu fulani, au mayai ya konokono. Hana sababu ya kuona haya, kwa maana wasomi wa Ulaya walidhani hivyohivyo kwa muda mrefu. Carolus Clusius, bingwa wa mimea wa zama zake, aliueleza uyoga huu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1601, na wengi waliomfuata waliendelea kuyachukulia yale mayai kuwa mbegu. Linnaeus naye, bingwa wa kuainisha viumbe, mwaka 1753 aliuingiza katika kundi la Peziza, uyoga mwingine wa vikombe ambao kwa ukoo uko mbali nao kabisa. Huko Ujerumani wakulima walikuwa na matumizi yao: waliyahesabu mayai ndani ya kikombe ili kubashiri bei ya nafaka ya msimu ujao. Nikikumbuka makadirio ya bei ya mahindi tunayosomewa kila mwaka, siwezi kuwacheka.

Kilichowatatiza wataalamu ni kwamba mayai hutoweka. Leo kikombe kimejaa, keshokutwa ni kitupu, na hakuna aliyeshuhudia yakitoka. Mwishoni mwa karne ya 18 Mfaransa Jean-Jacques Paulet alitoa wazo kwamba ndani ya kikombe mna kitu cha namna ya springi kinachoyafyatua. Springi haikupatikana. Mwaka 1844 ndugu wawili, Louis René na Charles Tulasne, nao Wafaransa, walichapisha uchunguzi wa kina wa ukoo huu wote. Charles alikuwa daktari, na mkono wake wa kuchora ulikuwa wa ajabu. Hadi leo michoro yao ya kuvu inatazamwa kwa heshima. Walionyesha wazi kwamba yai si mbegu bali ni kifurushi, na kwamba ndani yake mmefungwa spora, zile chembe ambazo kuvu huzalia. Lakini kifurushi kinasafirishwa na nani? Hilo lilibaki.

Mimi nadhani sababu ya kuchelewa huko ni ya kawaida mno kiasi kwamba haiandikwi vitabuni. Mkusanyaji wa mimea hutoka siku ya jua. Akipata kitu hukikausha, hukitia kwenye bahasha, akakipeleka makumbusho. Mvua ikianza kunyesha hukimbilia barazani. Sasa huu ni uyoga ambao kazi yake yote hufanyika mvua inapopiga, katika sehemu ndogo sana ya sekunde, na ukikauka haufanyi chochote. Anayeutazama mkavu anatazama mtambo uliozimwa.

Ilipofika miaka ya 1920, Mmarekani George Willard Martin ndiye aliyesema kwamba anayeyatoa mayai ni tone la mvua. Wazo lake lilithibitishwa kwa majaribio miaka ya 1940 mjini Winnipeg, Kanada, na watu wawili ambao majina yao hayaachani tena na uyoga huu. Wa kwanza ni A. H. Reginald Buller, Mwingereza aliyehamia Winnipeg mwaka 1904 kufundisha botania katika Chuo Kikuu cha Manitoba, akatumia maisha yake kuchunguza namna kuvu wanavyorusha spora. (Nje ya maabara alitunga mashairi ya kuchekesha, na moja kati ya hayo, la msichana aliyekimbia kwa kasi kuliko mwanga, limesomwa na watu wengi kuliko vitabu vyake vyote vya sayansi.) Wa pili ni Mkanada Harold J. Brodie, kijana aliyepitia mikononi mwa Buller, ambaye aliendelea na uyoga-kiota hata baada ya mzee huyo kufariki mwaka 1944, hadi akauandikia kitabu kizima kilichotolewa na University of Toronto Press mwaka 1975.

Ili kuelewa walichokiona, tuchukue spishi moja tuifuate. Cyathus striatus ni ya kawaida katika misitu ya Ulaya na Amerika Kaskazini, juu ya vijiti na majani yaliyooza. Huanza kama kinundu kidogo cha kahawia chenye manyoya, kimefungwa kila upande. Kinundu hurefuka, kileleni hupanuka, na mdomo hubaki umezibwa na utandu mweupe, mwembamba. Chini ya utandu huo mayai hukomaa yakiwa yamekingwa na jua, wadudu na mvua ambayo wakati wake bado. Yakiiva, utandu hupasuka na kuisha, na kikombe hubaki wazi.

Kwa nje kikombe kilichokomaa kina manyoya machafumachafu ya kahawia ambayo mtu angeyadhania uozo tu wa kijiti. Ndani ni kitu tofauti: ukuta unang'aa, wa kijivu, umechorwa mifereji midogo iliyosimama wima kutoka ukingoni kushuka chini. Ukuta wenyewe una tabaka tatu za nyuzi za kuvu, na hilo si jambo dogo, maana kikombe hiki kitapigwa na matone mengi bila kuraruka wala kulala. Ukikibonyeza kwa kidole kinanepa, halafu kinarudi.

Chini kabisa yamekaa mayai, ambayo wanasayansi huyaita peridioli. Kila moja lina upana wa milimita moja hadi mbili, limebonyea kidogo, na ganda lake ni gumu. Uyoga wa kawaida huachia spora zake mojamoja zichukuliwe na upepo. Uyoga-kiota, ambao kwa ukoo umo katika oda moja na uyoga mwingi tunaoukaanga na vitunguu, umeiacha njia hiyo. Mamilioni ya spora zake umezifungasha katika mayai machache, na upepo hauna nguvu ya kulibeba hata moja.

Na mayai hayo hayakulala tu. Yamefungwa. Ukilibinua moja kwa ncha ya sindano utaona kwamba kitovuni limeunganishwa na ukuta wa kikombe kwa kishikizo kifupi. Sehemu ya kishikizo iliyo upande wa ukuta ni ala. Katikati kuna kipande chembamba. Na upande wa yai kuna kifuko kidogo. Ndani ya kifuko hicho, kwenye nafasi isiyofika hata upana wa yai, imekunjwa kamba nyembamba yenye urefu wa sentimita kadhaa. Ncha moja ya kamba imeshikamana na yai. Ncha nyingine, iliyo huru, imechanuka kuwa fundo la nyuzi zenye kunata. Kikiwa kikavu, kishikizo chote ni kigumu na hukatika ukikigusa. Kikilowa hulainika na kunyumbuka, na hapo ndipo kinapokuwa tayari.

Sasa mvua inyeshe.

Tone kubwa lenye kipenyo cha milimita nne lina uzito wa kama miligramu 33. Likianguka kutoka mbali hufika chini kwa kasi inayokaribia mita nane au tisa kwa sekunde, yaani karibu kilomita 30 kwa saa. Kwetu ni tone tu, linatufanya tufungue mwavuli. Kwa yai la milimita mbili ni mzigo mkubwa kulizidi lenyewe mara nyingi, unaoshuka kwa kishindo. Msituni mambo ni mazuri zaidi, kwa sababu majani ya miti hukusanya rasharasha na kuiachia kwa matone manene kuliko yale ya angani.

Tone likitua ndani ya kikombe hupondeka. Maji hayawezi kupita chini, wala hayawezi kutoboa ukuta, basi hupanda. Yanafuata ukuta kwa kasi kuelekea mdomoni, na njiani yanapita chini ya mayai na kuyazoa. Hapa ndipo umbo la kikombe linapolipa. Brodie alipima akakuta kwamba kuta za vikombe vya namna hii huinama kwa nyuzi 60 hadi 70 kutoka usawa wa ardhi. Ukuta ungesimama wima kabisa, maji yangeruka juu na kurudi palepale. Ungelala sana, yangesambaa bila kuinua kitu. Kwa mwinamo huo yai huruka kwa upinde, likapanda na kwenda mbali kwa wakati mmoja, na huweza kutua umbali wa mita moja au kuzidi kidogo kutoka kwenye kikombe ambacho kimo chake hakizidi sana sentimita moja.

Kwa macho haionekani. Mwaka 2013 kundi la watafiti waliofanya kazi na Nicholas Money wa Miami University, katika jimbo la Ohio, lilitoa picha za kamera zinazonasa maelfu ya fremu kwa sekunde. Walipima spishi tatu, Cyathus olla, Cyathus striatus na Crucibulum laeve, wakakuta mayai yakitoka kwa kasi ya mita moja hadi tano kwa sekunde. Kinachonifurahisha zaidi ni hesabu ya nguvu: kurusha huko kunatumia chini ya asilimia mbili ya nguvu ambayo tone lilikuja nayo. Iliyobaki inamwagika kwenye michirizi ya maji. Kwa mhandisi mtambo wa aina hiyo ni hasara tupu. Lakini mwenye mtambo hakununua mafuta. Uyoga-kiota haukutumia hata chembe ya nguvu zake siku ya kurusha. Gharama yote iliishia kwenye ujenzi, na matone ya mvua moja hayahesabiki.

Sasa turudi kwenye ile kamba. Maji yanapolivuta yai, kipande chembamba cha kishikizo hukatika na kifuko hupasuka upande wa chini. Yai linaondoka na kamba yake, na lile fundo lenye kunata linafuata nyuma hewani. Njiani kuna bua la nyasi, kijiti, au ukingo wa jani. Yai linaweza kupita pembeni yake bila kuligusa. Fundo likigusa tu, limeshika. Yai halijui kwamba limeshikwa, linaendelea mbele na kuikunjua kamba hadi mwisho. Kamba ikikaza, yai linakatizwa kwa ghafla, linazunguka lile bua, na kila mzunguko kamba inazidi kuwa fupi, kama mbuzi aliyefungwa kigingini akazunguka mpaka shingo ikagusa mti. Yote hayo yameisha kabla tone la pili halijatua. Mvua ikikatika, yai linaning'inia juu ya ardhi, limefungwa kwenye nyasi.

Kwa nini kujifunga kwenye nyasi? Jibu la vitabuni ni kwamba nyasi huliwa. Spishi inayolitetea jibu hilo vizuri kuliko zote ni Cyathus stercoreus, ambayo makazi yake ni samadi na udongo wenye mbolea, na ambayo imesambaa karibu duniani kote. Yai lake likimezwa na ng'ombe pamoja na majani, ganda huzilinda spora safarini, na mwisho wa safari ni kinyesi, palepale zinapotaka kuanzia maisha. Spora zake ni kubwa kwa kipimo cha kuvu, na maabara imeonyesha kwamba huota vizuri zaidi zikishapashwa joto linalokaribia la mwili wa mnyama. Kwa spishi hiyo sina ubishi. Kwa zile zinazoishi kwenye vijiti vya msituni, ambako hapana ng'ombe wala mbuzi wa kutosha, naona maelezo ya malisho yamevutwa kidogo. Yai lililofungwa kwenye kijiti kipya limeshafika kwenye chakula chake. Halihitaji tumbo la mtu. Ganda litaoza taratibu, spora zitaota, nyuzi za kuvu zitaingia kwenye mti uliokufa, na msimu mwingine vikombe vitachomoza.

Si ukoo wote wenye kamba ya aina hii. Jenasi zinazojulikana zaidi ni tano: Cyathus, Crucibulum, Nidula, Nidularia na Mycocalia. Crucibulum, ambayo mayai yake ni meupe na kikombe chake ni cha manjano ya kahawia, inayo kamba iliyo sahili zaidi. Tatu za mwisho hazina kamba kabisa. Mayai yao yamelowekwa katika utelezi, na popote yanapotua yananata. Nidularia hata kikombe cha maana haina: ni mfuko mdogo unaopasuka vibaya na kuyaacha mayai wazi kwa mvua. Inashangaza kwamba njia hiyo ya ovyo nayo imedumu.

Hapa inabidi kusafisha jina la uyoga-kiota kidogo. Wenye nyumba Marekani, ambako kuzunguka kuta ni desturi kutandaza vipande vya mbao, hulalamika juu ya vidoa vyeusi vinavyonata ukutani na kwenye magari, visivyotoka hata ukisugua, na mara kwa mara lawama huangukia vikombe vilivyoonekana karibu. Mkosaji mkubwa huwa ni kuvu mwingine, Sphaerobolus stellatus, ambaye si wa ukoo huu ingawa hupenda matandazo yaleyale. Yeye hangoji mvua impige. Tabaka la ndani la kikombe chake hujaa shinikizo, halafu hugeuka ndani nje kwa ghafla na kukirusha kidonge cha milimita moja umbali unaoweza kufika mita sita, tena kuelekea kwenye mwanga. Ukuta mweupe unaoakisi jua humponza mwenye nyumba. Huko Pennsylvania State University watafiti wamelishughulikia tatizo hilo kwa miaka, na moja ya dawa walizojaribu ni kuchanganya matandazo na mboji iliyokwisha kuoteshea uyoga wa kula.

Uyoga-kiota wenyewe haushambulii mmea ulio hai. Unakula kilichokufa, na unakula hadi lignini, ile sehemu ngumu ya mti ambayo viumbe wengi huishindwa. Ndiyo maana baadhi ya spishi zimeingia maabara kwa sababu zisizohusiana na mvua. Cyathus bulleri, ambayo Brodie aliipa jina la mwalimu wake, imechunguzwa kwa ajili ya kimeng'enya chake kinachovunja lignini. Kutoka spishi nyingine, Cyathus helenae, zilipatikana kemikali zilizoitwa sayathini, zenye uwezo wa kuzuia vijidudu. Chakula, hapana. Hata usingekuwa mgumu kama kipande cha ngozi, ungehitaji kuchuma mchana kutwa upate kijiko.

Brodie hakuishia kwenye kuvu. Mwaka 1951 aliandika makala akionyesha kwamba mimea nayo imegundua kikombe cha kurushwa na tone, bila kuiga kwa yeyote. Mfano rahisi kuupata ni Marchantia, ule mmea bapa wa kijani unaotambaa juu ya udongo wa vyungu vilivyomwagiliwa kupita kiasi. Mgongoni mwake una vikombe vidogo vyenye vipande vya kijani, na kila kipande kikirushwa na maji huwa mmea mpya. Wenye bustani za maua huuchukia. Mwenye chungu chenye Marchantia anayo maonyesho nyumbani kwake, hata asipopata uyoga-kiota.

Lakini utafute kwanza huo uyoga, maana haufichiki sana. Jenasi ya Cyathus ina spishi katika nchi za joto, Afrika ikiwamo, na kinachotakiwa ni unyevu na mti uliokufa: magogo ya mipakani, matandazo ya migomba, maganda ya kahawa yaliyorundikwa, vyungu vya samadi ya zamani. Ukivipata vikombe vyenye mayai, vuna kijiti kizima, using'oe kikombe. Vilowe kwanza dakika chache ili vishikizo vilainike. Ukitaka kuiona kamba, shika yai moja kwa kibanio cha nyusi, livute polepole. Kamba itatoka kwenye kifuko na kurefuka mbele ya macho yako mpaka utashangaa ilikaa wapi. Ukitaka kuona mrusho, dondosha maji kwa bomba la sindano, lakini panda juu ya kiti au dondoshea kutoka dirisha la ghorofani: tone lililoachiwa kutoka kimo cha mkono halijapata kasi, litajaza kikombe tu. Weka karatasi nyeupe kuzunguka kijiti na uchomeke mabua mawili matatu ya nyasi. Matone mengi yatakosa. Likipata moja, utasikia mlio mdogo wa yai likigonga karatasi kabla hujaona kitu, na mengine huenda usiyakute kwenye karatasi. Yatafute kwenye mabua.